Nani Atabaki na Hasara?

(Hotuba iliyosomwa mjini Kilosa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa kwa ombi la Kamati.)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alinipa kichwa cha maneno kirefu kuliko mwendo wa kutoka bwenini hadi bwaloni: "Hatari na Fursa za Kisiasa na Kiuchumi katika Bara la Afrika." Nilimjibu kwamba bara hili lina nchi 54, na mimi nimepewa dakika 30. Akanijibu kwa neno moja tu: "Fupisha." (Kicheko.)

Basi nimefupisha. Nitaizungumzia Afrika kwa kupitia Kilosa na Mikumi, kwa sababu huku ndiko nilikoanza kuijua, na kwa sababu ajenda namba 6 ya mkutano huu inahusu Kilosa. Kamati yetu inapendekeza kwamba fedha tulizochanga kwa miaka mitatu ili kuezeka upya Bweni la Mkwawa zisitumike kwanza. Zinunue viwanja karibu na stesheni ya reli mpya, zizae, kisha bweni liezekwe kwa faida. Wanaounga mkono wanasema hii ni fursa ambayo haitarudi. Wanaopinga wanasema ni hatari. Mimi nimeombwa nieleze tu jinsi mambo ya namna hii yanavyopimwa, kwani ndiyo kazi inayonipa mkate wangu huko wizarani Dodoma.

Kabla sijaendelea, hamna budi kujua jambo moja. Mimi mwenyewe nina kiwanja huko. Bei ikipanda, nami nitafaidi. Kwa hiyo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza muuza ng'ombe anayeisifu ng'ombe yake.

Nianze na namna wakubwa wa dunia wanavyotupima. Katika miji ya New York na London yapo makampuni yanayotoa alama kwa nchi, kama sisi tulivyopewa alama za mtihani. Mathalani, mwezi Machi 2024 kampuni ya Moody's iliipandisha Tanzania kutoka B2 hadi B1. Mwenye alama ya chini hutozwa riba kubwa anapokopa, na mwenye alama ya juu hutozwa ndogo. Ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba nchi za Afrika zingeokoa au kupata kiasi cha dola bilioni 74.5 kama alama zao zingetolewa bila kuchanganywa na hisia za wapimaji. Fedha hizo zingeezeka mabweni mengi.

Lakini nisiwalaumu watu wa mbali peke yao. Mimi nami nilipoanza kazi, kijana mwenye shahada mpya ya uchumi kutoka Mlimani, nilikuwa na jedwali langu. Safu ya kwanza: mradi. Ya pili: faida. Ya tatu: hatari, nayo niliijaza kwa neno moja kati ya matatu: ndogo, wastani, kubwa. Jedwali lilipendeza sana. Tatizo lake ni kwamba halikuwa na safu ya nne, na safu hiyo ndiyo mada yangu leo. Safu ya nne inauliza: mambo yakiharibika, nani atabaki na hasara?

Ndugu zangu, tazameni mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba ya Tanga, ya Morogoro, na haya yetu ya Kimamba na Rudewa. Nchi yetu ilipopata uhuru, mkonge ndio uliotuletea fedha nyingi za kigeni kuliko zao lolote, na mwaka 1964 tulizalisha tani zipatazo 230,000. Mwaka ule mpimaji yeyote mwenye jedwali angeandika: faida kubwa, hatari ndogo.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Mkulima wa Ulaya na Marekani aliyekuwa akifungia nyasi zake kwa kamba ya Kimamba akapata kamba ya kiwandani kwa bei nafuu. Bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na usimamizi nao ukawa na kasoro zake. Watu bado wanabishana ni lipi lililoua mkonge. Mimi naona yote mawili yalihusika, lakini bei ilitangulia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima haukufika tani 30,000.

Marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja la wilaya hii. Shamba lilipofungwa, mwenye mali alikuwa na mali nyingine. Benki ilikuwa na dhamana. Serikali ilipoteza kodi, lakini serikali haikulala njaa. Baba alipewa karatasi yenye hesabu ya kiinua mgongo chake, akaitunza katika mfuko wa nailoni hadi anafariki, na fedha zenyewe hakuziona. Wapo humu ndani wanaokumbuka kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na kwamba mwalimu mmoja, ambaye ameketi mstari wa mbele na hataki nimtaje, alinifuata kwa baiskeli akanirudisha darasani. (Makofi.) Alinilipia mwaka mzima kutoka katika mshahara wake. Hasara ya mkonge ilishuka ngazi kwa ngazi, kutoka London hadi Kimamba, mpaka ikatua kwa mtu asiyekuwa na pa kuishusha, yaani mkata mkonge na mtoto wake.

Somo la kwanza, basi, ni hili. Ukitegemea zao moja na mnunuzi mmoja, unasimama kwa mguu mmoja. Zambia ilisimama kwa mguu wa shaba. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 ikayumba, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa deni lake la nje. Ghana yenye dhahabu, kakao na mafuta ilifuata Desemba 2022. Si kwamba watu wa huko ni wazembe kuliko sisi. Wao walipanga, lakini bei ya vitu vyao hupangwa mahali pengine.

Sasa linganisheni Kimamba na Mikumi. Mikumi ilipata hifadhi ya taifa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya wanyama. Mji ule mdogo unakula kwa watalii, unakula kwa madereva wa malori na abiria wa mabasi, na unakula kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walikuwa laki 6 na ushee tu. Watu wa nyumba za wageni waliumia, wala sitaki kusema hawakuumia. Lakini malori yaliendelea kupita, na mama lishe wa kandokando ya barabara hakuzima moto. Kimamba ilikuwa na utajiri kuliko Mikumi. Mikumi ilikuwa na miguu mingi kuliko Kimamba.

Somo la pili ni la siasa. Tunaposikia "hatari ya kisiasa" tunafikiri mapinduzi ya kijeshi. Lakini siasa inayokuumiza, au kukunufaisha, aghalabu ni ya jirani.

Novemba 1965 walowezi wa Rodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia ya bahari. Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaenda China, ikapatikana mikopo isiyo na riba, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hesabu ya fedha wapimaji hawakukosea sana: reli ile ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na haijapata kuzifikia. Kwa hesabu ya uhuru walikosea, maana jedwali lao halikuwa na nafasi ya kuandika gharama ya kupiga magoti.

Tazameni jinsi mambo yalivyozunguka. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Msiba wa Angola ukawa shehena yetu. Oktoba 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini, na baada ya Afrika Kusini kupata uhuru wake mwaka 1994, njia zile zikawa wazi kabisa. Amani tuliyoipigania kwa jasho na damu ikatupunguzia mizigo. Sasa Lobito imefufuka kwa msaada wa Wamarekani na Waulaya, na Desemba 2024 Rais Biden alifika huko mwenyewe. Kwa upande wetu, Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing kutiwa saini makubaliano ya kufufua TAZARA. Shaba ni ile ile, nayo inavutwa magharibi na mashariki. Anayetaka kujua thamani ya kiwanja cha Tanzania hana budi kusoma pia habari za Angola.

Na tusidhani kwamba majirani wakielewana yote yamekwisha. Wale tuliosoma Jiografia hapa tulikwenda Kidatu kutazama mahali reli ya tawi letu, inayotoka Kilosa kupitia Mikumi, inapokutana na TAZARA. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, na kwa ajili ya vidole hivyo mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Sasa imeongezeka reli ya kisasa, yenye milimita 1,435. Mkoa wetu wa Morogoro peke yake una reli za mapana matatu, kila moja na enzi yake na mkopeshaji wake. Waliojenga hawakuwa wajinga, ila kila mmoja alijenga kwa shida ya wakati wake.

Somo la tatu ni la mipaka na amri za ghafla. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti. Aprili 2025 ilikuwa zamu yetu: tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kujibu vikwazo vyao, nasi tukaondoa zuio baada ya siku chache. Serikali kwa serikali, siku chache ni barua mbili na mkutano mmoja. Kwa mwenye lori la nyanya, siku chache ni mtaji wote. Hapo fursa na hatari zinakaa nyumba moja. Biashara katika Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, na Bunge letu liliridhia mkataba wake Septemba mwaka huo huo. Ni soko la watu zaidi ya bilioni moja. Vitunguu vya Malolo vinaweza kuliwa mbali sana kuliko ilivyo sasa, lakini soko kubwa halimfai mkulima ambaye amri moja ya saa 12 jioni inaweza kummaliza.

Somo la nne nimelipata hapa hapa, nalo ndilo linalonitia haya. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi niliandika tathmini ya ghala dogo la kikundi cha wakulima wa wilaya hii. Nilifika mara moja, mwezi wa Agosti, vumbi tupu. Mzee mmoja wa kijiji akaniambia, "Mwanangu, hapa mto hupita." Nikamwuliza mara ya mwisho ulipita lini. Akasema, "Ukiwa na haraka hutauona." Nikacheka, nikaandika: hatari, ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makazi, na Reli ya Kati ikakatika kati ya hapa na Gulwe kwa miezi. Ghala lilikwenda na magunia yaliyokuwamo. Mimi niliendelea kupokea mshahara tarehe ile ile. Safu ya nne ya jedwali nilianza kuiandika mwaka ule.

Na lipo jambo zito zaidi kuliko maji. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Baadhi yetu tulipoteza ndugu, na wapo humu wa pande zote mbili waliokaa dawati moja. Hakuna alama ya New York iliyobadilika kwa ajili ya siku ile. Ardhi iliyoonekana tupu kwenye ramani ilikuwa na watu wawili, kila mmoja akijua ni yake. Yapo mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa humu wilayani ambayo serikali imeyafutia hati ili wananchi wapate pa kulima. Ni hatua njema, lakini mnunuzi wa kiwanja asitosheke na hati peke yake. Awaulize wanaoishi mpakani mwake kwamba nani hulima pale, na nani hupitisha ng'ombe pale wakati wa kiangazi.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kuzungumzia hatari za siasa nikaruka ya kwetu. Tulizoea kuitwa kisiwa cha amani, hata wapimaji wa mbali walituandikia hivyo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kulitokea machafuko. Watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mimi ni mtumishi wa umma, na hapa si mahali pa kutoa hukumu. Nasema hili tu: amani haimo katika orodha ya mali mtu anayorithi kisha akaifungia kabatini. Hufanywa upya kila siku, kwa kusikilizana. Mpimaji anayeandika "nchi tulivu" bila kuuliza vijana wa nchi hiyo wanasemaje, ni ndugu yangu mimi niliyemcheka mzee wa mtoni.

Sasa nirudi kwenye ajenda namba 6.

Fursa ipo. Mimi nilikuja jana kutoka Dodoma kwa treni ya umeme, nikapita katika mahandaki ya milimani ambako enzi zetu treni ilikuwa ikijikongoja ukingoni mwa mto. Tangu treni hizi zilipoanza kwenda Dodoma katikati ya mwaka 2024, Kilosa si pembe tena. Bei ya ardhi inaweza kupanda sana. Wenzetu wa Kamati hawaoti ndoto za mchana.

Lakini jazeni safu ya nne. Bei isipopanda, au hati ikiwa na mgogoro, au Mkondoa ukikumbuka njia yake, nani atabaki na hasara? Mimi nitakayeipigia kura hoja hii nitarudi Dodoma kwenye nyumba isiyovuja. Mwenyekiti atarudi kwake. Atakayebaki ni mtoto wa kidato cha kwanza katika Bweni la Mkwawa, anayesogeza kitanda chake usiku mvua inaponyesha, kama tulivyosogeza vyetu. Yeye hakualikwa kwenye mkutano huu, wala hana kura.

Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, fedha zilizochangwa kwa ajili ya bati zinunue bati, na kazi ianze kabla ya masika. Pili, wanaotaka viwanja tufungue mfuko mwingine wa hiari, kila mtu aweke fedha zake kwa jina lake, na faida ikipatikana sehemu yake iende shuleni. Nitakuwa wa kwanza kuweka. Hapo hasara ikija itamkuta mtu mzima aliyeichagua. Tatu, kabla ya kununua hata hatua moja ya ardhi, watu wetu wawili wakae hapa wiki nzima wakati wa mvua, wasije na gari la kurudi siku hiyo hiyo, na wazungumze na wazee.

Nikitakiwa nieleze kwa kifupi jinsi ya kuipima Afrika, nitasema hivyo hivyo. Nchi isimame kwa miguu mingi. Isome habari za jirani kabla ya kusoma za masoko ya Ulaya. Na isikubali mradi wowote, wa mgeni au wa mwenyeji, mpaka imeandikwa kwa wino nani atabeba hasara. Mwalimu wetu aliyenifuata kwa baiskeli hakuwa na jedwali. Alijua tu kwamba mambo yakiharibika, hasara itakuwa ya mshahara wake wala si yangu, na bado akaweka.

Kesho asubuhi basi litaondoka saa 12 kwenda Mikumi kutazama wanyama. Naombeni tusimame pia pale mjini tukale kwa mama lishe wa barabarani, maana na yeye ana somo la uchumi la kutufundisha.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. (Makofi.)